Tangi Lisikae Uwanjani

Jumamosi saa tisa, benchi la Faki wa kahawa lilikuwa limejaa, pale Kabati mkabala na lango la shule ya upili. Katunge, karani mstaafu wa posta, alikaa mwisho kabisa, raketi ya tenisi magotini. Miaka mitatu alicheza uwanja wa shule na daktari wa mifugo. Daktari akahamishiwa Makindu, na tangu Januari Katunge anapiga mpira peke yake kwenye ukuta wa maabara. Sasa habari ilikuwa kwamba mkuu mpya wa shule anataka kuweka tangi la maji katikati ya ule uwanja, maanake hauna wachezaji.

— Hauna wachezaji? akafoka Kyule, fundi wa viatu waliyemwita Profesa. Na sisi ni nani?

— Nyinyi ni wanywaji, Faki akamjibu, akimimina.

— Wachana na huyo, Profesa akamwambia Katunge. Tenisi naijua. Siri ni upepo. Ukisimama ukiangalia Kitui, mpira unajirudia wenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

— Hiyo inaingiana aje? Katunge akauliza.

— Mpira si unaanguka chini, mwaitu, mama yetu? Utaacha kuinama?

Kitheka, mchuuzi wa ng'ombe, jina la kijiwe Mnada, akatikisa kichwa.

— Upepo ni bure. Ule uwanja umelalia upande wa Ikutha. Hata mbuzi wangu wakipita hapo wanateremka bila kuswagwa.

— Basi tuloweke mpira kwa chai, uruke mpaka Mwingi, Profesa akasema. Akili nyingi huondoa maarifa!

— Mimi nikishika raketi, Mnada akajigamba, huyo mkuu atabeba tangi lake kichwani. Dakika tano namaliza. Haraka haraka haina baraka!

Katunge alicheka nao, ila alijua ukweli. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuingia lile lango.

Mwanamke mwenye raba nyeupe akatoka langoni, raketi kwapani, akavuka barabara.

— Hamjambo? Mimi ni Nthenya, mkuu mpya wa shule. Nasikia mnakataa tangi. Nani kati yenu atacheza na mimi sasa?

Profesa akakagua viatu vyake mwenyewe. Mnada akakumbuka kuna mtu wa kupigia simu. Faki akapangusa vikombe vilivyokauka.

Katunge akainuka.

— Ni mimi tu, Madam. Lakini niko.

Benchi zima likawafuata hadi kwenye seng'enge. Katunge, miaka sitini na miwili, hakukimbia sana. Aliuweka mpira pembeni, tena pembeni, na Nthenya akawa ndiye wa kukimbia. Hata hivyo Katunge alipigwa sita kwa nne.

Nthenya akashika neti, anahema.

— Umenitoa jasho, mwaitu. Kumbe uwanja uko na mwenyewe! Tangi litaenda nyuma ya jikoni. Jumamosi ijayo, saa kumi?

— Saa tisa na nusu, Katunge akasema. Na ulete mipira. Hii yangu imeisha manyoya.