Ala Tupu ya Ami Muqbil

Hadi leo ni Ami Muqbil peke yake anayejua nilichokikuta langoni Jumatatu asubuhi. Nitakisema katika risala hii ya kumuaga, kwa kuwa kuandika naweza kuliko kusema.

Ami Muqbil Saif anastaafu mwisho wa Shaabani, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulinda lango la hospitali yetu ya bondeni. Vifaa vyake vya kazi vilikuwa kiti cha mbao na ulimi. Kila mwenye bunduki aliambiwa, "Niachie hapa, mwanangu. Humo ndani tuna sindano za kutosha." Walicheka, wakaiacha.

Miaka saba iliyopita, saa ya kutafuna mirungi, wapiganaji wa kilimani walikuja kumchukua majeruhi wa upande wa pili, pamoja na muuguzi aliyemshona, mama yangu Taqiyya. Ami Muqbil alichomoa jambia lake la kiunoni, akaliweka kizingitini, miguuni pa kamanda wao. Kwetu, anayeokota jambia la namna hiyo amekubali kwamba mahali pale hapaguswi mpaka alirudishe. Nilikuwa nyuma ya tangi la maji. Kamanda aliliokota, akaondoka na watu wake.

Tangu hapo makombora yameangukia soko, shule yetu ya zamani, na shamba la mtama linalopakana na ukuta wetu. Ukuta wenyewe hauna hata ufa. Naye Ami Muqbil ametembea na ala tupu ya jambia kiunoni, aibu ambayo mwanamume wa hapa hawezi kwenda nayo hata dukani.

"Muqbil, umeliuza ukanunua mirungi?" wenzake humtania.

"Nimelikodisha," hujibu.

Alitamani kitu kimoja tu, kustaafu akiwa amelivaa.

Jumatatu nililikuta linaning'inia langoni, limesuguliwa likang'aa. Mchanga ambao Ami Muqbil aliufagia jana yake jioni haukuwa na unyayo hata mmoja. Maana yake tumeachwa wazi: wodi, wagonjwa, mama.

Nilimpelekea. Alilichomeka alani, akatembea uani hadi kisimani na kurudi, taratibu, kama bwana harusi. Kisha akalichomoa.

"Mrudishie kamanda, binti yangu. Mwanamke haguswi njiani, na magoti yangu hayapandi tena kilima."

Ami, kwa niaba ya wote wanaotibu na wanaotibiwa hapa, asante. Tunakuombea usingizi mzito, mirungi mibichi, na wajukuu wasiokusumbua sana.

Nililifunga jambia kwenye mtandio, nikapanda. Kwenye kizuizi chao cha barabarani hapakuwa na mtu, ila juu ya jiwe palikuwa na chai iliyokuwa bado ikitoa mvuke. Nikaliweka chini katikati ya barabara, nikataja jina la hospitali yetu, nikageuka. Nilipofika konani nilitazama nyuma. Halikuwepo.

Nikaenda shule.