Lama Kumi na Wawili wa Casimiro

Kwenye kona ya kanisa la Kolpani, juu kabisa milimani Bolivia, pana benchi la udongo ambalo halijawahi kukosa makalio tangu lijengwe. Hapo Mama Tomasa huweka birika lake la chai ya majani ya koka, na wazee huja kuota jua na kubishana. Asubuhi hiyo Casimiro alikaa pembeni, kakunja uso. Saa sita mchana lori la mchuuzi wa nyama lingekuja kuwachukua lama wake kumi na wawili, wale ngamia wadogo wa milimani wasio na nundu, aliowarithi kwa marehemu baba yake, kila mmoja na vishada vyekundu vya sufu masikioni. Mwaka wa pili sasa shamba lake lilitoa viazi vidogo kama kokoto. Jirani yake Hilaria, mjane anayelima na mabinti zake, alivuna viazi vya kushikwa kwa mikono miwili, na Casimiro alimwonea fahari hata alipokuwa akimwonea wivu.

— Wanyama wa yule mama wamesoma, alisema Redio, aliyeitwa hivyo kwa sababu hazimiki. Alfajiri wanakwenda kona moja ya zizi kujisaidia, mmoja mmoja, wanangojana zamu! Yeye ni kuzoa tu na kupeleka shambani.

— Na wangu walikuwa hivyohivyo, Casimiro alisema. Sasa wanachafua popote. Barabarani, kisimani, juzi mlangoni mwa kanisa. Shamba linakula nini?

— Bati, alisema Injinia, ambaye aliwahi kukoroga zege siku tatu mjini. Umeezeka bati jipya. Bati linavuta radi, radi inavuruga tumbo la mnyama.

— Acha uongo wako! Redio alimkata. Wamenuna, hao. Harusi ya binti yako mwaka juzi, Casimiro, kijiji kizima kilicheza. Wao nani alicheza nao? Yule dume kiongozi, mwenye kengele, alinitazama siku ile nikajua kabisa ameumia moyoni.

— Wewe siku ile ulikuwa unawaona lama wawiliwawili, Mama Tomasa alimwambia.

— Basi ni hesabu, alisema Injinia. Hilaria amewafundisha kuhesabu. Ndiyo maana wanajua zamu.

— Mpaka ngapi?

— Ishirini. Ishirini na mbili, wakiwa wameshiba.

Casimiro hakucheka. Aliwapenda wanyama wale, na kila neno lilimchoma.

— Wanune kwa lipi? alisema kwa uchungu. Kwa ajili ya harusi ile zizi lao lilikuwa safi kuliko hili kanisa. Wakwe wenyewe walisifu.

Hapo Hilaria, aliyeyasikia hayo ya mwisho, akatokea, jembe begani, mgongoni mzigo wa mbegu ndani ya kitambaa.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama. Kaa unywe chai.

— Sikai, udongo unanisubiri. Kaka Casimiro, siku ile ya kusafisha zizi, kwenye kona yao ulibakiza kidogo?

Injinia akachungulia kikombe chake kitupu.

— Nilizoa yote, alisema Casimiro polepole. Nikafagia. Nikamwaga chokaa.

— Ehe. Wanafuata harufu ya mavi yao, kaka. Marehemu mama alikuwa haondoi lile beleshi la mwisho. Hata Askofu angekuja, haondoi.

Kutoka bondeni honi ya lori ikalia, mapema kuliko walivyopatana. Mama Tomasa akainamisha birika. Halikutoa hata tone.

Casimiro akasimama.

— Mama Tomasa, niazime ndoo.

— Ya nini?

Casimiro alikwishaitwaa na kumfuata Hilaria zizini kwake, mbiombio, kama kijana anayekwenda kuposa. Dereva wa lori, alipofika kwenye kona ya kanisa, alikutana na mzee mmoja aliyevua kofia, kichwani kabeba ndoo ya mavi ya lama wa jirani ya kuweka kwenye kona ya zizi lake, akimpungia mkono wa kwaheri.