Madaftari Matano ya Mwalimu Eustace Nkwabi

Tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 11 Juni 1988, ni Mwalimu Eustace Nkwabi, aliyezaliwa Ushirombo tarehe 3 Aprili 1949. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Januari Nkwabi, seremala wa misheni. Maneno haya yameandikwa na dada yake mkubwa, Bernadina, ambaye hajui kupamba. Asiyependa kusikia ukweli msibani aende jikoni, chai ipo.

Alianza shule ya msingi hapa Ushirombo mwaka 1957, akamaliza kidato cha sita 1970, akapita Jeshi la Kujenga Taifa, na Julai 1973 akaingia chuo kikuu. Jina la chuo halitatajwa. Huko alijifunza kufanya utafiti kwa kukaa na watu na kuwasikiliza, badala ya kuhesabu vichwa vyao. Alilipenda somo hilo kupita kiasi. Kwa bahati mbaya lilifundishwa na Dakta Valerian, bwana ambaye hakuwahi kukalia kigoda tangu aanze kuvaa tai. Aliwasomea wanafunzi hatua kumi na nne za kumzoea mhojiwa huku akitazama dirishani, na aliyenyoosha mkono kuuliza aliambiwa aushushe. Hivyo ndivyo kusikiliza kulivyofundishwa.

Mwaka 1976 Eustace alikwenda Segese kuandika tasnifu yake juu ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Wakati huo kuchimba bila kibali kulimpeleka mtu mahabusu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na hamu ya kuzungumza na kijana mwenye daftari. Wa kwanza kumpokea alikuwa Mama Sikujua, ambaye mwenyewe ameruhusu atajwe, mjane aliyekuwa na duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia. Eustace alichuchumaa, akamwamkia kwa lugha ya kwao, "Mwadila, mayu," akaulizwa ukoo wake, baba yake na mvua za kwao, akajibu yote. Ndipo akatoa kalamu.

"Kalamu rudisha mfukoni, mwanangu," alisema Mama Sikujua. "Nikimaliza kusema, kaandike kwako. Kesho uje unisomee, nisikie kama ni mimi."

Akafanya hivyo miezi minne. Mchana alisikiliza na kubeba ndoo za mchanga, jioni aliandika, kesho yake aliwasomea nao wakamsahihisha. "Hapo umenifanya nimelia," mmoja alilalamika. "Sikulia mimi. Futa." Akafuta. Alijaza madaftari matano ya maneno ya watu ishirini na watatu, bila jina hata moja. Kila mtu alikuwa na alama yake, na maana ya alama hizo aliiweka kichwani tu. Aliwaahidi kwamba majina hayatatoka humo.

Aliporudi chuoni, Dakta Valerian alitaka orodha ya majina, ahakiki.

"Niliwaahidi, Daktari."

"Uliwaahidi akina nani? Wachimba mashimo?"

"Ndiyo."

"Ahadi kwa watu wa namna hiyo haina alama kwenye mtihani. Majina, au huna shahada."

Siku chache baadaye bwana huyo alifunga safari hadi Segese kwa Landrova. Alikaa saa tatu, ukihesabu na muda wa kula kuku. Alimuuliza Mama Sikujua, mtu wa kwanza aliyemkuta, maswali arobaini akiwa amesimama, asije akachafua suruali. Mgeni asiyekaa, kwetu, hakatazwi wala haelezwi kitu. Anakubaliwa ili aondoke upesi. Mama Sikujua, mikono yake ikiwa imejaa tope la duara, alijibu "ndiyo, baba" mara arobaini. Dakta aliandika yote. Ripoti yake ilisema wakazi wa Segese wameridhika, na kwamba dhahabu wameisikia tu kwa watu. Kwa kazi hiyo alipandishwa cheo. Sasa anaitwa Profesa.

Eustace alirudi nyumbani bila shahada. Wapo waliomcheka, na baadhi yao wamekaa hapa mbele wakijipepea na karatasi hii. Kuanzia Januari 1977 alifundisha shule ya msingi huko Segese, na hakuna mtoto aliyewahi kumweleza jambo akakatizwa.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na Sikujua, binti wa yule mjane. Sikujua husimulia kwamba siku ya posa Eustace alimuuliza swali moja, kisha akanyamaza. "Nikangoja aendelee, haendelei. Nikaona huyu anataka jibu kweli. Sikuwahi kumwona mwanaume wa hivyo." Walijaliwa watoto wawili.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1986, na Februari mwaka huu aliletwa kwa dada yake, hapa Ushirombo. Mwezi Aprili ikaja barua ya Profesa Valerian. Anaandika kitabu kikubwa juu ya dhahabu yetu, na anaomba madaftari matano pamoja na maana ya alama, "kwa faida ya elimu." Eustace alicheka hadi akakohoa damu. Bernadina hatamsamehe Profesa kwa kicheko kile.

Baada ya barua hiyo wageni kutoka Segese wakaanza kuja kumjulia hali mgonjwa, mmoja mmoja. Kila mmoja alikaa naye kitambo, akatoka na kitu ndani ya kanga au chini ya koti. Bernadina aliwapa uji na hakuuliza. Wa mwisho alikuja Jumatano. Alhamisi tarehe 9 Juni, saa kumi na moja alfajiri, Eustace alifariki. Chini ya mto wake yalikutwa majalada matano matupu ya madaftari, bila ukurasa hata mmoja.

Jana imefika simu ya maandishi ya rambirambi ya Profesa, yenye maneno kumi na mawili. Matano kati yake yanaulizia madaftari. Ajibiwe hapa hapa: kurasa ziko kwa wenyewe. Majina yalikuwa kichwani mwa Eustace, na kichwa hicho tunakifukia leo. Majalada matano matupu tutamtumia kwa posta.

Marehemu ameacha mama mzazi, mjane Sikujua, watoto Marcel na Chiku, mama mkwe, na dada mmoja mwenye mdomo. Ameacha pia wale wengine ishirini na wawili waliosimama hapa katikati yetu, ambao hawatatajwa.

Ulale salama, Eustace. Hakuna atakayekuuliza tena.