Golini Leo Yuko Nani

Benchi lenyewe liko ng'ambo ya barabara, linatazamana na ukuta wa uwanja wa mpira, na wanaolikalia siku ya mechi hawauoni mpira hata chembe. Wanausikia tu. Si kwamba wamekosa tiketi, ni mwiko. Mwaka ule timu ilipotwaa kombe walikuwa hapa wakibishana mpaka filimbi ya mwisho, na tangu siku hiyo wanaamini kwamba mmoja wao akinyanyuka kabla ya mpira kwisha, timu inafungwa. Basi leo wapo: Redio, muuza magazeti asiyezimika; Wakili, kondakta mstaafu ambaye hajawahi kukubali neno la mtu; na Fundi, mshona nguo, ambaye dada yake ndiye mke wa kocha. Muuza kahawa kashamimina. Fundi amekishika kikombe kwa mikono miwili, wala hajakipeleka mdomoni.

— Kipa wa kwanza kavunjika kidole jana mazoezini, akasema Redio. Wa pili ana kadi nyekundu. Haya, golini leo yuko nani?

— Yule mshambuliaji mrefu, akasema Wakili. Mrefu hana haja ya kuruka, ananyoosha mkono tu. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Kipa si anavaa glovu? Basi mkono wake si mtupu. Kunywa kahawa wewe.

Nyuma ya ukuta watu wakaguta kwa pamoja, kisha makofi.

— Mmesikia? Redio akasimamisha kidole. Hapo kaokoa! Mshambuliaji hawezi kudaka vile. Kocha kaazima kipa nchi jirani, kaingizwa jana ndani ya gari la samaki, katikati ya barafu.

— Anadaka na mafua?

— Baridi inamfanya mtu awe macho!

— Mimi nasema golini hamna mtu, akasema Wakili. Kocha kaliacha wazi kusudi, wapinzani waingiwe na wasiwasi. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Na mipira inaokolewa na nani?

— Mwamba.

Muuza kahawa akacheka hadi birika likatikisika. Fundi alikuwa anautazama ukuta.

— Siku za Komeo mwenyewe tusingekuwa tunaulizana, akasema Redio.

Komeo ndiye kocha. Jina alipewa na hawahawa, enzi za ujana wake, kwa kuwa akishasimama golini mlango hausukumiki. Timu za mbali zikamnunua, akaenda, akarudi na jina kubwa zaidi. Mpaka siku goti la mshambuliaji lilipomkuta juu ya sikio. Fundi alikuwepo hospitali shemeji yake alipofumbua macho akamwita mkewe "nesi". Alikuwepo pia daktari aliposema, mbele ya dada mtu, kwamba kichwa hiki hakina nafasi ya pigo jingine. Hapo ndipo Komeo akawa kocha. Lakini kocha gani huyu, haketi na wenzake, anasimama nyuma ya goli. Kipa akiruka kulia, na yeye mkono unamruka. Nyumbani anadaka mto usingizini.

— Na jina lake bado limo kwenye usajili, Redio akaendelea. Kocha mchezaji. Wanaliacha kwa heshima tu. Sasa je, kama...

— Acha uzushi! Kitambi kile jezi itakiingia wapi?

Kikombe kikamponyoka Fundi, kahawa ikamwagika miguuni.

Asubuhi shemeji alimletea jezi yake ya zamani, ile ya njano, aipanue mbavuni. "Ya picha, shemeji. Klabu wanataka ukumbusho." Fundi akamtania kwamba jezi haijasinyaa, yeye ndiye kaumuka, wakacheka wote. Akatia vipande pande zote mbili, akamwambia ainue mikono aone kama inambana kwapani. Shemeji akainua mikono. Kisha akaruka, akatua, akasema safi kabisa. Nani anajaribu jezi ya picha kwa kuruka? Fundi aliliona lile, akaendelea kukata nyuzi.

— Naingia uwanjani, akasema.

— Kaa chini! Wakili akamdaka shati. Unataka tufungwe? Subira yavuta heri.

— Niache, Wakili. Naogopa.

— Dakika chache tu zimebaki, ndugu yangu. Kaa.

Akakaa. Hata yeye mwenyewe hakujua kwa nini alikaa.

Uwanja ukavuma. Halafu mvumo ukakatika ghafla.

— Tumefungwa, akanong'ona Wakili.

— Tungefungwa, wale wengine wangeshangilia, akasema Redio. Sikiliza. Hakuna anayeshangilia.

Wakati huo dada yake Fundi alikuwa anavuka barabara na kapu la soko mkononi.

— Hamjambo? Mbona mmenyong'onyea, tumefungwa?

— Hatujambo, shemeji, akasema Redio, akaangalia chini.

— Yule bwana leo kaondoka bila hata kunywa chai. Nikajua tu, mechi ngumu.

Akaketi kando ya mdogo wake, akaweka kapu chini. Kama alivyozoea tangu utotoni, akaanza kumbanduabandua nyuzi zilizomganda kwenye mkono wa shati. Akabandua mmoja, akabandua wa pili. Wa tatu akauinua kwenye mwanga, akautazama. Ulikuwa wa njano.

— Mdogo wangu, leo umeshona nini?

Wakili akaliachia shati la Fundi. Redio, kwa mara ya kwanza, alizimika. Ng'ambo ya barabara walinzi wawili walikuwa wanalisukuma geti kubwa la uwanja, lile la kupitishia gari la wagonjwa.