Robo Inchi ya Leland Vosika

Ndugu wafiwa, majirani wa Wilber na jamaa mliotoka mbali, mimi ni Darlene, dada wa marehemu, nimepewa kazi hii kwa sababu Renata, binti yake, kila akijaribu kusoma sauti inamkatika.

Leland Vosika alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, hapa hapa Wilber, Nebraska, mtoto wa kwanza wa mzee Emil, huyu aliyeketi mbele, na marehemu mama yetu Blanka, akasoma hapa mjini, akahitimu chuo kikuu Lincoln mwaka 1983, na muda wote huo alikuwa na neno moja tu mdomoni, urubani wa ndege za kivita, hadi wenzake wakamtania, "Wewe twiga, utatoboa paa la ndege!"

Hawakukosea sana, maana jeshi humpima mtu akiwa ameketi, kutoka kitini hadi utosini, na akizidi, siku ndege ikiharibika na rubani akafyatuliwa nje pamoja na kiti chake, shingo inavunjika. Jioni moja, baada ya kuvuna ngano, Baba alimpima jikoni kwa futi kamba, Leland akaingia kwenye kipimo kwa chupuchupu, tukashangilia na kumaliza mikate midogo yote ya plamu.

Tarehe 9 Agosti mwaka huo wa 1983 Baba alitandika godoro nyuma ya pikapu, akamwambia, "Lala, mwanangu, ufike umepumzika," naye akalala njia nzima hadi kambi ya jeshi, wakampima pale pale aliposhuka, akazidi kwa robo inchi, wakamrudisha. Mtu akilala, uti wa mgongo hunyooka, akarefuka kidogo. Sisi wakulima tungejuaje?

Alirudi kusaidia mavuno ya mwaka ule tu, akakaa miaka arobaini, kichwa kikigusa paa la kibanda cha trekta. Tarehe 7 Juni 1986 alimwoa Joyce Kucera, wakamzaa Renata mwaka 1989, na Joyce alimsihi sana, "Nenda basi hata urushe vindege vya kunyunyizia dawa," naye akajibu, "Na Baba nimwachie nani?"

Oktoba mwaka jana aligundulika na saratani ya figo, akafariki tarehe 2 Mei 2024, miguu ikiwa imetokeza nje ya kitanda. Wiki moja kabla aliniambia kwamba alijua zamani kilichomrefusha siku ile, akaniapisha, "Usimwambie Baba, atajilaumu."

Jana Baba, akimvalisha marehemu soksi, akaniambia bila kuulizwa kuwa daktari wa kambi alimweleza siku ile ile mlangoni kwamba kulala njiani ndiko kulikomrefusha, akakosa ujasiri wa kumwambia mwanawe. Jamani, inaniuma! Meza moja miaka yote hiyo, kila mmoja anamficha mwenzake jambo lile lile. Basi Baba, navunja kiapo mbele ya watu hawa wote: alijua, na hakukukasirikia hata siku moja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Lincoln, wenzake wa ghala la ushirika, majirani mliompandia mahindi yake, na seremala aliyeongeza urefu wa jeneza bila kutuuliza mara mbili.

Lala, kaka yangu, ufike umepumzika.