Elinipa, Mama Yake Justa

Kamati ya mazishi iliagiza wasifu huu usimtaje Justa. Basi tuanze naye. Elinipa Mbwambo, mama yake Justa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 katika milima ya Upare, wilayani Same. Mama yake alikuwa na rovu, kama wanawake wengi wa kijiji kile, hata shingo isiyo na uvimbe ndiyo ikawa ya kushangaza. Mvua za milimani huosha madini joto ardhini, na chakula kinachoota hapo hakina cha kumpa mjamzito. Watu walisema ni mapenzi ya Mungu, ambaye husingiziwa mengi.

Alisoma shule ya msingi na sekondari huko huko Same, kisha chuo cha uuguzi, akahitimu mwaka 1992. Chuoni alifundishwa kwamba ubongo wa mtoto huanza kujengwa tumboni, na madini joto yakikosekana wakati huo, kilichoharibika hakirudi. Alipokwenda likizo alimweleza baba yake. Mzee alisikiliza kwa makini mpaka mwisho, kisha akamwagiza soksi.

Mwaka 1993 aliajiriwa katika zahanati wilayani Kisarawe, na tarehe 5 Agosti 1995 akafunga ndoa na Evodius, seremala. Kwa desturi ya ukoo wa mumewe, mimba ya kwanza hulelewa kwa mama mkwe, na mkamwana hagusi chungu. Mama mkwe huyo, Adventina, alikuwa msafi kupita kiasi. Chumvi aliiosha, akaianika kwenye bati kutwa nzima, kisha akaiacha wazi kando ya moto. Elinipa akamweleza kwamba madini joto huenda na maji hayo na jua hilo.

"Mwanangu, unataka mjukuu wangu ale mchanga?"

Elinipa akaleta chumvi ya pakiti. Adventina alikuwa amesikia kwamba ina dawa ya kufunga kizazi, akawapa mbuzi. Mbuzi wakazaa mapacha wenye akili za kufungua komeo.

Justa alizaliwa tarehe 2 Februari 1997. Alichelewa kukaa, kutembea na kusema. Darasani hakufika mbali. Daktari hakuapa kwamba ni chumvi peke yake, maana mama mwenyewe alikulia milimani. Ukoo haukuhitaji daktari. Ulisema ni mkosi kutoka kwao Elinipa, ukaridhika.

Familia ilihamia kata ya Sofu mwaka 2001, na Elinipa akahudumia wajawazito wa kata ya Dutumi kwa miaka mingi. Aliwaambia wafunike chumvi, wasiianike, waitie chakula kikikaribia kuiva. Siku moja alimkuta mchuuzi wa eneo la Kwa Mathias akipima chumvi ghafi, akimwambia binti mwenye mimba kwamba ni ya madini joto.

"Mama, chumvi ni chumvi tu," mchuuzi alijitetea.

"Na kichwa ni kichwa tu, mwanangu. Mbona chako kimepelea?"

Binti alirudisha chumvi.

Presha ilimwanza Elinipa mwaka 2019. Aliambiwa apunguze chumvi, akapunguza, na akahakikisha hata hiyo kidogo ina madini joto. Alifariki kwa kiharusi tarehe 9 Septemba 2025.

Kesho yake mwenyekiti wa kamati, shemeji yake Projestus, alileta rasimu: "Marehemu hakujaliwa mtoto."

"Kaka, tunamsitiri tu," alimwambia Evodius. "Wageni wataangalia."

"Waangalie."

"Basi Justa akae kwa jirani mpaka tuzike."

Justa alikuwa akimenya ndizi pamoja na kina mama. "Baba mdogo," alisema, "nikienda kwa jirani, nani atawaambia mama anapenda nguo ipi?"

Kitenge alichovishwa marehemu alikichagua Justa.

Elinipa ameacha mume, Evodius, na mtoto mmoja, Justa, ambaye amesimama hapa mbele. Yeye ndiye atakayetia udongo wa kwanza. Projestus, mpishe.

Pumziko la amani liwe la Elinipa. Letu lisubiri.