Osea Halinga, Mtu wa Kupima Tena

Marehemu Osea Rubeni Halinga alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 katika kata ya Ruanda, wilaya ya Mbozi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Rubeni Halinga na Bi Tusekile. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu hakuambiwa "uji umepoa" akakubali. Alichovya kidole kwanza, akamtazama mama usoni, kisha akachovya tena.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Ruanda, kisha akaendelea na sekondari Mbeya hadi mwaka 1971. Mwaka 1972 alikwenda Dar es Salaam kusomea ufundi wa maabara, akahitimu mwaka 1974.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa mazao, mkoani Mbeya. Huko ndiko alikokutana na kifaa alichofanya nacho kazi maisha yake yote: thamostati ya kuzungusha maji. Ni beseni la chuma lenye kipasha joto, pampu ndogo na kihisi cha joto. Pampu huyazungusha maji bila kupumzika ili kila pembe ya beseni iwe na joto lile lile. Marehemu alikitumia kupimia udongo wa mashamba ya kahawa, kwa kuwa chembe za udongo hazitulii sawasawa ndani ya maji ambayo joto lake linapanda na kushuka. Wanafunzi wake aliwaambia, "Namba ya kwenye kioo ni maneno ya mashine. Na wewe weka kipimajoto chako, usikie shahidi wa pili."

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na Bi Ferista Nzunda katika Kanisa la Moravian, Isansa. Uchumba wao ulikuwa wa maswali mengi. Alimwuliza kama kweli anapenda kukaa Mbeya, kama baba yake ameridhika, kama hakuna mwingine aliyeleta posa. Bi Ferista alipochoka alimwambia, "Kama huniamini, njia ya Ruanda unaijua." Marehemu hakwenda popote. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 1996 wafanyakazi wa serikali walipopunguzwa, naye alipunguzwa. Alilima kahawa kwa muda, kisha mwaka 1998 akaajiriwa na maabara binafsi ya mafuta, Tunduma, iliyokuwa ikipima dizeli ya malori yanayokwenda Zambia. Sampuli iliwekwa katika kijibomba chembamba cha kioo, kikazamishwa kwenye beseni la maji ya joto lisilobadilika, na mpimaji akaangalia mafuta yanachukua muda gani kushuka. Yakishuka haraka mno, dereva alishukiwa kwamba njiani ameuza dizeli na kujaziliza mafuta ya taa.

Julai 2003, katikati ya baridi ile ya Tunduma, sampuli ya dereva mmoja, mwenyeji wa Tanga, Bwana Abdulwahab Aziz, ilishuka mbio. Lori likazuiwa uani, na meneja akasema polisi waitwe kesho yake.

"Mzee, sema unachotaka," Bwana Abdulwahab alimwambia marehemu. "Hapa mpakani hakuna mkono usiokuwa na bei."

"Nataka ukweli."

"Ukweli nimetoka nao Dar, umefungwa lakiri!"

"Lakiri mnazifungua na kuzifunga kama vishikizo vya shati."

Basi kila mmoja akamwona mwenzake mwizi: huyu wa mafuta, yule wa rushwa. Marehemu alisimulia baadaye kwamba siku ile shaka yake yote ilimwendea mtu, haikubaki hata chembe ya kuiangalia mashine.

Kabla ya kurudi uani, dereva alisema, "Haya, pima na dizeli ya mwenzangu aliyenitangulia. Kama nimeiba, tumeiba wote." Marehemu akapima, nayo ikashuka mbio. Wazo lake la kwanza likawa kwamba madereva wamekula njama. Hapo ndipo alipotoa dizeli safi iliyohifadhiwa maabara kwa ajili ya kulinganishia, ambayo hakuna dereva aliyewahi kuigusa. Nayo ikashuka mbio.

Alichukua kipimajoto chake cha kioo, akakizamisha pale kijibomba kilipokuwa. Maji yalikuwa ya moto kupita kiasi, ingawa namba ya mashine ilikuwa ile ile iliyotakiwa. Alifunua beseni. Kwenye mdomo wa pampu kulikuwa na kitambaa kidogo chenye maua. Maji hayakuzunguka: kihisi kilikuwa kwenye pembe ya baridi, na dizeli ikipikwa kwenye pembe nyingine.

Bi Aida, msaidizi wake, alianza kulia. "Ni leso ya mtoto, baba. Nilifungia chupa yake ya uji nikaiweka humo isipoe. Baridi hii, angeinywaje?"

Marehemu alikwenda kwa meneja akasema, "Pampu iliziba. Mwenye zamu ni mimi, na sikukagua." Jina la Bi Aida hakulitaja. Leo ameruhusu mwenyewe jambo hili lisomwe.

Kisha akamfuata Bwana Abdulwahab uani. "Nimekukosea, ndugu yangu. Dizeli yako itapimwa upya."

"Nani amekulipa unisafishe?"

"Njoo uangalie mwenyewe."

Walisimama bega kwa bega mbele ya beseni. Dizeli ikashuka taratibu, kama ilivyopasa. Lori likaachiwa. Tangu hapo, kila safari, Bwana Abdulwahab aliingia maabara kushuhudia sampuli yake ikipimwa. "Mbona huniamini?" marehemu alimwuliza. "Si umenifundisha wewe!"

Kuhusu uji wa mtoto, marehemu alichukua chupa ya chai ya nyumbani akampa Bi Aida. Bi Ferista alipoikosa, alisikia imeonekana kwa msichana wa kazini, akajifunga kanga akaenda kujionea. Alirudi na mtoto mgongoni, akamlea mchana kutwa mpaka alipoanza shule.

Marehemu alistaafu mwaka 2011. Mwaka 2013 figo zilianza kumsumbua. Wauguzi wanamkumbuka: hakumeza kidonge kabla ya kukigeuza na kuuliza kazi yake. Tarehe 2 Aprili 2014 hali ilipokuwa mbaya, Bwana Abdulwahab alimpeleka hospitali Mbeya kwa gari lake. Muuguzi alitaka kujua huyu Mwislamu wa Tanga ana undugu gani na mgonjwa.

"Ni ndugu yangu," marehemu alisema. "Usiniulize zaidi."

Alifariki tarehe 9 Aprili 2014, alfajiri. Bi Ferista alikuwa amemshika mkono, na Bwana Abdulwahab yuko mlangoni.

Ameacha mjane, Bi Ferista, watoto Mika, Atupele na Ambilikile, wajukuu watano, na ndugu yake, Abdulwahab Aziz, ambaye mwenyewe aliagiza atajwe hapa, katika mstari huu, bila maelezo.

Bwana amlaze Osea mahali pa raha. Amina.